Homa ya Jumamosi

Homa ilikuwa ikimjia Araba Otsiwa siku za Jumamosi tu. Haikuwa na haraka. Ilimwacha apulize klarineti msibani tangu mchana, ilimwacha atembee nyuma ya jeneza na wenzake wa bendi hadi makaburini na kurudi, ale, aoge, aketi kibarazani anyooshe miguu. Halafu jua likishazama kitambo kidogo, ndipo inapobisha hodi. Kwanza baridi ya mgongo, kama mtu aliyemwagiwa maji ya mtungini. Kisha meno yakaanza kugongana. Kisha kifua kikabana, na kikohozi kikavu kikaanza, kile cha kukwangua koo bila kutoa kitu, na kikohozi hicho hakikumwachia mpaka Jumapili alasiri.

Mwanzoni alidhani ni malaria. Nani pale mjini Swedru angedhani kingine? Alinunua dawa duka la jirani, akameza, Jumatatu alfajiri akaamka mzima, akaenda kukanda unga. Jumamosi iliyofuata bendi ikapata msiba mwingine, na jioni yake Araba akawa anatetemeka chini ya mablanketi mawili, dada yake Ekuwa akimtazama kutoka mlangoni.

"Malaria gani hii inayojua kalenda?" Ekuwa aliuliza.

Araba alijivutia blanketi mpaka kidevuni. Swali lenyewe alishajiuliza, na hakulipenda.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mume aliwahi kuwa naye. Alikwenda Takoradi kutafuta kazi bandarini akasahau njia ya kurudi. Binti yake mmoja alikuwa ameolewa Kumasi. Yeye na Ekuwa waliishi katika nyumba aliyowaachia baba yao, Egya Otsin, nyumba ya vyumba vinne na ua mpana wenye tanuri la udongo. Humo Araba alioka mikate, na mikate yake ilijulikana mpaka stendi ya magari. Watu waliipenda kwa utamu na waliipenda kwa usafi, maana Araba kwa usafi alikuwa mkali kama mama mkwe. Vyombo vya kuokea mikate vilisuguliwa kila siku kwa mchanga mwembamba na maji moto. Unga ulichekechwa mara mbili. Mkate ukilala siku tatu ukaonyesha doa la kijani, hata liwe dogo kama punje ya mtama, hakukata pale penye doa akauza panapobaki. Aliutupa wote na akaosha mikono.

Na Jumamosi alikuwa mwanamke pekee katika bendi ya matarumbeta ya mzee Kwansa, Egya Kwansa kama walivyomwita wote, akivaa nyeusi na nyekundu kama wenzake, akipuliza klarineti iliyokuwa ya baba yake.

Klarineti hiyo ilikuwa ya mti wa mpingo, nyeusi ti, na vibonyezo vyake vya fedha vilikuwa vimelika pale vidole vya Egya Otsin vilipokaa miaka thelathini. Alimfundisha bintiye kuipiga akiwa na miaka kumi na minne, watu wakimcheka kwamba anamharibia ndoa mtoto. Alimfundisha kushika, kuvuta pumzi kwa tumbo, kulainisha ule ulimi mwembamba wa mwanzi kwa mate kabla ya kuanza. Na alimwonya jambo moja mara nyingi: asithubutu kuiosha ndani. Nje, futa kwa kitambaa mpaka ing'ae. Ndani, usiguse. "Sauti inakaa mle ndani," alikuwa akisema. "Ukiiosha, umeitoa."

Egya Otsin alikufa akiwa na miaka hamsini na mmoja, kwa kikohozi. Hakufa ghafla. Alikauka kidogo kidogo kwa miaka minne, akikaa kwenye kiti cha kamba mlangoni, mabega yakipanda na kushuka kama mtu anayebeba kitu kizito. Waliomtazama walisema kifua kikuu, wengine wakasema kuna mtu kamfanyia, wengine walinyamaza na kuacha kuja.

Kwa hiyo ule usiku wa mwezi wa tatu wa homa zile, Araba alipomaliza kukohoa na kulala chali akihema, na Ekuwa akasema kutoka upande wa pili wa ukuta, kwa sauti ndogo kabisa, "Araba, hicho ni kikohozi cha baba," mwili wote ulimsisimka. Alikuwa amekitambua yeye mwenyewe. Alikuwa akijidanganya tu kwamba Ekuwa hajakitambua.

Alikwenda zahanati kwa kujificha, mtandio umefunika nusu ya uso. Hakuogopa ugonjwa peke yake, aliogopa mikate. Nani angekula mkate uliokandwa na mtu wa TB? Alitoa makohozi kwenye kikopo, kwa taabu, maana hayakutaka kutoka, akaambiwa arudi baada ya siku tatu. Siku hizo tatu aliosha kila kitu mara mbili, akajitengea kikombe na sahani, akakanda unga akiwa amejifunga kitambaa puani, na mteja akiuliza anasema ni vumbi.

Siku ya tatu nesi alimwita. "Huna TB, mama. Mshukuru Mungu."

"Nimemshukuru. Sasa nina nini?"

Nesi aliitazama ile karatasi kama mtu anayetafuta jibu la mtihani mgongoni mwa ukurasa. "Labda ni kifua cha kawaida. Punguza vitu vya baridi."

Ungedhani Araba angerudi akiimba. Alirudi miguu ikiwa mizito. TB ina jina, ina vidonge, watu wameugua wakapona. Hiki kisicho na jina kilimwogopesha kuliko TB. Nguo zilikuwa zimeanza kumpwaya. Sinia la mikate alilokuwa akilibeba kichwani kutoka tanurini mpaka barabarani, sasa alilitua mara mbili njiani na kujifanya anafunga kanga vizuri.

Kisha mkubwa mmoja wa ukoo wa kichifu akafariki, na mji ukapigwa marufuku ya ngoma na matarumbeta mwezi mzima. Bendi ikakaa. Jumamosi ya kwanza, jioni, Araba alikaa kitandani na mablanketi yake akiisubiri homa. Haikuja. Ya pili, haikuja. Kikohozi kikapungua, akaanza kula fufu na supu mpaka Ekuwa akamtania kwamba atamaliza mihogo ya wilaya. Alioka kila siku kama kawaida, unga ule ule, moshi ule ule. Mwisho wa mwezi alilibeba sinia hadi barabarani bila kutua.

Marufuku ilipoondolewa, misiba iliyorundikana ikamwagika kwa pamoja. Jumamosi hiyo bendi ilipiga mazishi mawili, asubuhi na alasiri. Egya Kwansa, kiongozi wao, mzee wa tarumbeta mwenye mashavu kama ya mtoto, alimsifu mbele ya wote: "Mnamsikia Anti Araba? Amepumzika, sasa anataka kumwamsha marehemu!"

Jioni ile alianguka. Alikuwa ametoka kuoga, mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango, hewa ikakatika. Alivuta pumzi na pumzi haikuingia. Ilifika kooni ikasimama. Ekuwa alimkuta amepiga magoti, midomo imegeuka rangi ya majivu, akimkodolea macho bila kuweza kusema. Walimkimbiza zahanati kwa teksi, akapewa hewa ya mtungi, akalazwa siku mbili.

Ekuwa alizitumia siku mbili hizo kufikiri. Araba aliporudi alimkuta ameketi kibarazani, ameliweka sanduku la klarineti mbali, kule karibu na banda la kuku, kama mtu aliyemfungia mbwa mkali.

"Kaa hapa," Ekuwa alisema. "Nisikilize na usinikatize. Mwezi mzima hukuipuliza. Ulikuwa mzima?"

"Nilikuwa mzima."

"Umeipuliza siku moja. Imekuwaje?"

"Nimelazwa siku mbili."

"Baba anakuita, Araba. Anakuita kwa ile pembe yake. Kila ukiweka mdomo pale alipoweka mdomo wake, anakuvuta."

"Dada, acha."

"Niache mpaka nikuzike? Na nani atapiga muziki siku hiyo, Ebo mwenzako wa bendi na saksofoni yake iliyopinda? Nimezungumza na nabii wa kule kanisani. Jumapili anakuja kuichoma."

Siku nyingine Araba angepigana. Angemwambia Ekuwa kwamba baba hakuwa mtu wa kuua watoto wake. Lakini aliligeukia lile sanduku jeusi kando ya banda la kuku, akahisi ile baridi mgongoni, mchana kweupe, jua likiwaka. Akasema, "Sawa. Aichome."

Tangu saa hiyo akawa anaogopa kupita upande ule wa ua. Kuku walipotapatapa, moyo ulimruka. Mara mbili aliota baba amekaa kwenye kiti cha kamba, akinyoosha mkono, na mkononi kuna ule ulimi mdogo wa mwanzi, anamwambia aulainishe.

Zahanati ilikuwa imempa barua ya kwenda hospitali kubwa, mwendo wa saa moja kwa gari. Alikwenda Alhamisi kwa sababu tu barua ilikuwa imekwisha kuandikwa. Huko alimkuta daktari wa kifua, mwanamke kijana tu, Dokta Nyameke, mwenye kucha fupi na macho yasiyotoka usoni mwa mtu. Alimsikiliza mgongoni kwa kile kipimo chake muda mrefu, akamwambia avute pumzi, tena, tena. Akaitazama picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama unafanya kazi gani?"

"Naoka mikate."

"Aha." Daktari akavuta kiti. "Unga huo unakuwa na wadudu? Unakaa sana stoo?"

"Unga wangu?" Araba alisahau ugonjwa. "Dokta, njoo uone unga wangu ndipo uulize."

Daktari akacheka. "Samahani. Unaoka siku gani?"

"Kila siku isipokuwa Jumapili."

"Na homa inakuja kila siku?"

"Jumamosi. Jioni."

"Jumamosi unafanya nini ambacho Jumatano hufanyi?"

Araba aliutazama mlango. Alihisi kwamba akiitaja, itasikia. "Napuliza klarineti," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi. "Kwenye misiba. Ilikuwa ya baba yangu. Naye alikohoa hivi hivi mpaka akafa."

Kalamu ya daktari ilisimama. "Iko wapi?"

"Nyumbani. Jumapili inachomwa."

"Inachomwa? Na nani?"

"Nabii."

Dokta Nyameke hakucheka wala hakukunja uso. Aliinama mbele. "Mama Araba, nakuomba. Niletee kesho. Usiifungue njiani, usiipulize, ifunge kwenye mfuko wa plastiki. Nikishaiona, kama bado mtataka kuichoma, kiberiti nitawanunulia mimi."

Hivyo Ijumaa asubuhi Araba Otsiwa aliiba mali yake mwenyewe. Alingoja Ekuwa aende sokoni, akajifunga kitambaa puani, akalishika lile sanduku kwa ncha za vidole, akalitia katika mfuko na mfuko akautia ndani ya gunia la unga. Ndani ya gari alilipakata mapajani mwendo mzima, ameukaza mwili, na kila gari lilipopiga bonde na vibonyezo kulia ndani ya sanduku, alifunga macho.

Daktari hakuifungulia chumbani. Alitoka nayo hadi chini ya ukuta wa nyuma, penye upepo, akavaa glavu na barakoa, akampa Araba barakoa na kumwambia asimame mbali. Akafungua.

Hata kwa mbali, hata kwa barakoa, harufu ilimfikia. Aliijua harufu ile. Maisha yake yote aliidhani ni harufu ya muziki, ya baba, ya mambo ya kale. Sasa, ikitoka kwenye mikono yenye glavu, ilinuka kama mkate uliosahauliwa ndani ya ndoo.

Daktari alichukua kijiti chenye pamba, akakiingiza ndani ya kile kipande cha mdomoni, akazungusha, akakitoa. Pamba ilitoka na utelezi mweusi wenye kijani. Akachukua kingine, akapitisha ndani ya mwili wa mpingo. Kikatoka na vumbi la kijivu kama la nyumba ya buibui. Akabandua pembe ya mahameli nyekundu iliyotandikwa sandukuni, na chini yake mbao zote zilikuwa zimeota ukungu mweupe, laini, kama manyoya ya kifaranga. Ndimi za mwanzi tatu zilizokuwa humo, alizokuwa akizirudisha zikiwa bado na mate, zilikuwa na madoa ya waridi.

"Mama," daktari alisema, "mkate ukiwa hivi unaufanyaje?"

Araba alinyoosha mkono. Akafanya ishara ya kutupa.

"Kila unapopuliza, mate na joto vinabaki ndani. Unafunga sanduku, kunabaki giza na unyevu. Kuvu inaota. Jumamosi unapovuta pumzi yako kubwa ya tumbo, mdomo ukiwa pale pale, unaivuta yote. Mapafu yako yameichukia. Yanapigana nayo jioni nzima, hiyo ndiyo homa. Pamba hii nitaipeleka maabara wathibitishe, lakini sina shaka kubwa."

Araba alikuwa ameegemea ukuta. Miaka thelathini na mitano alikuwa akiutia mdomo wake pale. Aliipangusa midomo juu ya barakoa. Kisha likamjia wazo baya zaidi.

"Baba yangu…"

"Siwezi kujua," daktari alisema polepole. "Sikumwona, na picha yake haipo. Sitakudanganya."

Aliandikiwa vidonge vya kutuliza mapafu. Aliambiwa asiiguse klarineti kwa wiki sita, na aliyetaka kuisafisha awe mtu mwingine, aliyejifunika pua na mdomo, nje, penye upepo. Alirudi nyumbani na gunia lake, na kijiti kimoja cha pamba ndani ya kichupa cha plastiki kilichofungwa.

Ekuwa alikuwa amesimama uani, mikono kiunoni. "Umeipeleka wapi? Umeificha? Araba, unataka kufa?"

Araba alimpa kile kichupa. Akamweleza yote, neno kwa neno, akikohoa katikati. Ekuwa alikigeuzageuza kichupa, akakileta karibu na jicho, akakipeleka mbali.

"Hii ilikuwa ndani?"

"Ndani."

"Ndiyo iliyomuua baba?"

"Dokta hajasema hivyo. Amesema hajui."

Ekuwa aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Hakulia. Alikaa vile mpaka kuku wakamzoea wakaanza kudonoa miguuni pake. Lakini Jumapili, nabii alipofika baada ya ibada akiwa na chupa ya mafuta ya taa, alimkuta Ekuwa uani amejifunga kitambaa usoni kama mwizi wa mifugo, glavu mikononi, mbele yake mabeseni mawili.

"Nabii, tusamehe," alisema. "Leo tunafua."

Hakuna mmoja wao aliyejua pa kuanzia. Egya Kwansa ndiye aliyewapa namba ya Sajini Dzokoto, mpiga klarineti mstaafu wa bendi ya jeshi, aliyekuwa akiishi mjini Ho. Waliiweka simu juu ya kigoda, spika imefunguliwa, Araba amekaa mbali mlangoni na barakoa yake.

"Maji yamechemka," Ekuwa alisema kwa sauti ya juu.

"Yamechemka?" simu ilifoka. "Unataka kuipika? Umeweka na nyanya? Ya vuguvugu, mama! Maji moto yatakipinda hicho kipande cha mdomoni, mtalia."

Ekuwa akaongeza maji ya baridi. Sajini akamwelekeza: kipande cha mdomoni peke yake ndicho kiingie majini, kwa sabuni laini, kisuguliwe ndani kwa brashi ndogo, kisuuzwe, kiloweshwe kwenye siki kidogo, kisuuzwe tena. Ndimi za zamani zote zitupwe, hata ule alioupenda Araba. Mahameli ing'olewe yote, sanduku lisuguliwe, likauke juani siku tatu. Ikafika zamu ya mwili wenyewe wa mpingo, Ekuwa akaunyanyua kuelekea beseni.

"Na hii je?"

"Hii ipi?"

"Yenyewe. Ndefu."

"USITIE MAJINI!" Kuku walitawanyika. "Mpingo ukinywa maji utapasuka, na vile vifuniko vya ngozi vitavimba! Kitambaa cha pamba, kifungie uzi na kitu kizito, kipitishe ndani, kivute kiende, kivute kije. Mpaka kitambaa kitoke cheupe."

"Baba yetu alituambia tusiiguse ndani," Araba alisema kutoka mlangoni.

Sajini alishusha sauti. "Alikuwa sahihi nusu. Mbao haziogeshwi. Lakini hufutwa, binti yangu. Kila unapomaliza kupiga. Hata mvua inanyesha. Na sanduku usilifunge likiwa bichi."

Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi. Cha pili cheusi. Walitumia shuka nzima kuukuu, vipande kumi na tisa, kabla hakijatoka cheupe, na kila kipande Ekuwa alikitia motoni bila kukitazama. Mwishowe akapitisha kitambaa chenye matone ya mafuta, kama alivyoagizwa, maana harmattan, ule upepo mkavu wa jangwani, ilikuwa njiani na mti mkavu hupasuka. Akaivika kila pingili kitambaa safi, akaiweka juu ya kabati lake mwenyewe.

Maabara ilileta majibu: kuvu, na ya aina mbili.

Wiki sita zilipita, kisha Araba akaongeza mbili kwa woga. Egya Kwansa alipita mara kadhaa akijifanya ananunua mkate. "Mikate hii mizuri, lakini haiwezi kupiga muziki," alisema. Ebo wa saksofoni alituma salamu kwamba msiba bila yeye umekuwa kama harusi ya mabubu. Araba alicheka na kuahirisha.

Jumanne moja, asubuhi, upepo wa harmattan umekausha ua wote, alisema, "Leo." Ekuwa akaitoa. Araba akaunganisha pingili moja moja, akafunga ulimi mpya. Akanusa. Haikunuka chochote, labda mafuta kidogo. Akaisogeza mdomoni na mwili ukakataa; midomo ilijifunga yenyewe kama ya mtoto mbele ya dawa. Akaishusha. Akaipandisha tena.

"Kama hutaki, basi," Ekuwa alisema.

"Nataka. Ndiyo maana naogopa."

Akavuta pumzi. Alipiga wimbo mmoja wa kanisani, polepole, dakika zisizozidi nane. Sauti haikuwa imetoka. Ilikuwa mle mle, nyororo, na ile noti ya chini iliyokuwa ikikwaruza siku zote, ambayo watu waliisifia kuwa ni ladha ya Egya Otsin, haikukwaruza tena. Jambo hilo lilimuuma kidogo, hakumwambia mtu.

Kisha wakaanza kungoja. Hakuoka siku ile. Ekuwa alikuwa amenunua kipimo cha joto, na kila saa alimtia kwapani. Adhuhuri walikula kenkey, yale madonge ya mahindi, na samaki, Araba akihesabu matonge. Alasiri alikohoa mara moja, wote wawili wakasimama, ilikuwa vumbi. Jua lilipozama alivaa sweta, akaketi kibarazani, mikono imeshika magoti. Saa ya homa ikafika. Akahisi baridi mgongoni, machozi yakamlengalenga, akasema, "Dada, inakuja."

Ekuwa alizunguka nyuma yake. "Sweta yako imetoboka hapa, upepo unaingia," alisema, na sauti yake ilitetemeka kuliko ya Araba. Akamfunika kanga. Kipimo kikasema hakuna homa. Wakangoja tena. Majirani wakazima redio zao, mmoja mmoja. Kipimo kikasema hakuna. Araba alivuta pumzi, ikaingia mpaka chini, au karibu na chini, na akalala palepale kitini bila kujua.

Hakupona akawa kama zamani. Picha ya mwisho ilionyesha makovu chini ya mapafu yote mawili, na Dokta Nyameke alimwambia wazi kwamba hayo hayataondoka. Hakuweza tena kupuliza huku akitembea nyuma ya jeneza. Bendi ilimwekea kiti chini ya turubai, akawa anapiga wakati wa watu kutoa rambirambi. Kwa safari ya makaburini walimchukua mpiga klarineti mwingine kutoka Nsaba, na Araba alibaki akiwasikiliza wakififia.

Lakini alikuwa na kazi nyingine, aliyojipa mwenyewe. Kabla ya kila msiba aliwapanga wenzake mstari, na kila mmoja alifungua sanduku lake. Walimbandika jina, Bibi Afya. "Bibi Afya anakuja, ficheni!" Egya Kwansa aliona ni mchezo mpaka siku alipomwaga maji ndani ya tarumbeta lake na yakatoka na kitu kama uji wa juzi, tangu hapo alifua kila Ijumaa. Aliyekataa ni Ebo. Alikuwa akimwazima ulimi wake wa mwanzi yeyote aliyevunjikiwa na wake, na ndani ya saksofoni yake Araba alikuta punje ya mahindi.

"Anti, huo ni mtaji wangu," Ebo alisema, watu wakaangua kicheko. "Njaa ikinishika msibani, napata pa kuanzia."

Araba hakucheka. "Kuna siku utanikumbuka, Ebo."

"Nakukumbuka kila siku, wewe tu hutaki kunipa mkate wa bure."

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, mvua kubwa zikiwa zimeanza, Araba alikuwa akipakua tanuri alipomwona Ebo amesimama langoni, amelowa, sanduku la saksofoni mkononi. Hakusalimia kwa utani. Alilitua sanduku chini, mbali na mikate, akabaki amesimama.

"Anti Araba," alisema, "juzi jioni nilitetemeka. Na Jumamosi ile ya nyuma. Sikumwambia mke wangu." Akapitisha kiganja kifuani. "Hebu nisikilize."

Araba alifuta mikono, akamgeuza, akaweka sikio mgongoni mwa shati lililolowa. "Vuta pumzi." Chini kabisa, upande wa kushoto, akasikia mchakacho mdogo, kama mtu anayekanyaga majani makavu kwa mbali. Aliijua sauti hiyo. Daktari alikuwa amemweleza ndiyo aliyoisikia kwake.

"Ni mbaya?" Ebo aliuliza, bado amempa mgongo.

"Ni mapema," Araba alisema, na akajitahidi sauti yake isionyeshe hofu. Akachukua mfuko wa plastiki, akalifunga lile sanduku fundo mbili, akamwita Ekuwa amalizie mikate. Walipanda gari la kwanza lililopita. Njia nzima Ebo, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza, alishikilia mkono wa Araba kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano, naye Araba hakumwondolea.

Dokta Nyameke aliitazama picha ya kifua cha Ebo muda mrefu. Mapafu yalikuwa yamechafuka kidogo tu, bila kovu hata moja. Ndani ya miezi miwili, saksofoni ikiwa imesafishwa, Ebo alikuwa amerudi barabarani, akipuliza na kutembea, na Araba kwenye kiti chake chini ya turubai alimsikia mpaka bendi ilipokata kona ya makaburini.